Kodisheni, Msiuze

Tangu Septemba 2023, Halmashauri ya Jiji la Birmingham ilipotangaza kuwa imeishiwa fedha, mali za umma zimekuwa zikiuzwa. Watetezi wa mauzo hudai sheria ya serikali za mitaa ya 1972 inailazimu halmashauri kutafuta bei bora. Kweli, lakini sheria hiyohiyo haiubani upangaji usiozidi miaka 7, na kibali cha 2003 huruhusu punguzo la hadi pauni milioni 2 pale wakazi wanaponufaika. Madeni nayo si porojo. Ila kiwanja kikishauzwa hakirudi, ilhali kodi huingia kila mwaka.

Vikundi vya wakazi vya Alum Rock, mtaa wa Birmingham, vinavyotaka kukodi mali hizo navyo visiishie kwenye barua za kusihi tu. Vipeleke kwa halmashauri katiba, hesabu za benki, bima na mpango wa matumizi, kabla bango la dalali halijasimikwa.