Kiwambo cha Sauti Kulinda Masikio ya Nani?

Msomaji wa riwaya zetu za upelelezi anakifahamu kiwambo cha kuzuia sauti: muuaji hukifunga kwenye mdomo wa bastola, na hata jirani wa chumba cha pili hasikii kitu. Nchini Marekani, wanaotaka sheria ya viwambo ilegezwe huicheka picha hiyo, na katika hilo wana haki. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140. Kiwambo hupunguza takriban 20 hadi 35. Bunduki haiwi bubu.

Ninapotengana nao ni pale wanapouita muswada wao Sheria ya Kulinda Usikivu, kana kwamba umetoka wizara ya afya. Vifaa vya kuziba masikio vinauzwa madukani bila usajili wowote. Aliyekisajili kiwambo hataza mwaka 1909 ni Hiram Percy Maxim, mwana wa yule Maxim aliyebuni bombomu, silaha ya aina iliyowafyeka wapiganaji wa Majimaji kule Mahenge. Baba huyo aliziwika kwa milio ya bunduki zake mwenyewe. Waliosimama mbele ya mtutu hawakupata fursa ya kulalamikia masikio.

Tarehe 31 Mei 2019, mjini Virginia Beach, mhandisi wa manispaa aliwaua watu 12 kwa bastola yenye kiwambo. Kumi na mmoja walikuwa watumishi wenzake, watu wa mafaili na vibali vya ujenzi. Baadhi ya walionusurika walisema hawakutambua mara moja kwamba ile ilikuwa milio ya bunduki. Katika jengo la ofisi, kutambua mapema ndiko kufunga mlango mapema. Naam, alikinunua kihalali, na watetezi hulikariri hilo kama ushindi. Mbona hatufuti leseni za udereva kila dereva mwenye leseni anapoua?

Hunitajia pia Norway, ambako kiwambo hununuliwa kwa urahisi. Kweli, lakini huko bunduki yenyewe haipatikani bila kibali cha polisi. Wanataka kiwambo cha Norway na bunduki za Texas.

Sheria ya mwaka 1934 haikupiga marufuku viwambo. Majimbo 42 yanaviruhusu. Ilitaka mnunuzi asajiliwe na kulipa kodi ya dola 200. Mwaka 2025 Bunge liliishusha kodi hiyo hadi sifuri, kuanzia Januari 2026. Usajili ulinusurika kwa sababu ya kiufundi tu: msimamizi wa kanuni za Seneti aliamua kwamba kuufuta hakuwezi kupenyezwa ndani ya muswada wa bajeti. Wahusika hawakukata tamaa, wakakimbilia mahakamani. Mwaka 1937 Mahakama ya Juu iliibariki sheria hiyo kwa hoja kwamba ni kodi. Sasa, wanasema, kodi haipo, basi usajili umekosa msingi. Ni hoja ya werevu, na aliyewatengenezea ni Bunge lenyewe. Bunge hilohilo linaweza kuirudisha kodi hata kesho, japo iwe ya dola moja.