Jalada la Santuri ni Kazi ya Mtu

Zaidi ya miaka 50 imekwisha pita tangu mwezi wa Machi 1974, wakati kikundi cha muziki cha Queen cha Uingereza kilipotoa santuri yake ya pili. Juu ya jalada la santuri hiyo hapakuwa na bustani, wala jukwaa, wala taa za rangi. Palikuwa na giza tupu, na ndani ya giza hilo nyuso nne za vijana zilizomulikwa kutoka juu. Mmoja wao, aliye mbele ya wenziwe, amepishanisha mikono kifuani na kuinua uso kidogo. Kijana huyo alizaliwa hapa Unguja, mjini, tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Ulimwengu unamjua kwa jina la Freddie Mercury.

Habari za mtu huyu zimekwisha zungumzwa sana Visiwani. Wapo wanaojivunia kwamba alizaliwa hapa, na wapo wasiotaka hata kulisikia jina lake kwa sababu ya mwenendo wa maisha yake. Mwaka 2006, ulipofika wakati wa kutimia miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, ulizuka ubishi mkali juu ya kumwadhimisha. Leo hatukusudii kuufufua ubishi huo. Aliyekufa tarehe 24 Novemba 1991 hesabu yake iko kwa Mola wake, wala si kazi ya gazeti kuikagua. Tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo pande zote mbili zimelipita bila ya kulitazama, nalo ni kazi ya sanaa iliyobeba nyimbo zake: majalada ya santuri. Tunaamini kuwa katika majalada hayo limo funzo kwa wasanii wetu, na limo pia funzo kwa Serikali.

Huenda msomaji akauliza: sisi watu wa visiwa tuna kipimo gani cha kuhukumia picha zilizotengenezwa London? Jawabu letu ni kwamba kipimo tunacho, tena cha siku nyingi. Mwanamke wa Unguja au Pemba anapoingia dukani kununua kanga hanunui kitambaa tu. Hutazama pindo kama limeizunguka kanga sawasawa. Hutazama mji, yaani ile sehemu ya katikati, kama umekaa au umepwaya. Kisha husoma jina, na jina likiwa halina maana huiacha kanga hiyo hata kama rangi zake zinang'aa. Pindo, mji na jina. Kwa kipimo hicho hicho mtu anaweza kulihukumu jalada lolote la santuri, na asikosee sana.

Tukilipima jalada la mwaka 1974 tunaona kwamba pindo lake ni giza lenyewe. Giza hilo limezikusanya nyuso nne mahali pamoja, jicho lisiwe na pa kukimbilia. Mji wake umekaa, kwani nyuso zimepangwa mfano wa almasi, na kila moja inaonekana bila ya kuifunika nyingine. Jina lake ni maneno machache mno, kwa kuwa picha yenyewe imekwisha sema. Santuri hiyo ilikuwa na upande ulioitwa mweupe na upande ulioitwa mweusi, na jalada likayafuata mawazo hayo: nje weusi, ndani weupe. Kwa hiyo jalada halikuwa pambo lililobandikwa baada ya kazi kumalizika. Lilikuwa sehemu ya kazi. Mwaka uliofuata sura hiyo hiyo ilitumiwa katika filamu fupi ya wimbo wao uliovuma kuliko nyimbo zao zote, na tangu hapo imeigwa kila pembe ya dunia.

Picha hiyo ilipigwa na Mick Rock, naye hakuficha asili ya wazo lake. Alikuwa ameona picha ya mwigizaji Marlene Dietrich ya wakati wa filamu ya Shanghai Express ya mwaka 1932, iliyopigwa kwa mwanga wa namna ile na mikono ya namna ile. Alichukua wazo, akalikuza, akasema alikolitoa. Huo ndio uungwana wa sanaa.

Mfano ulio mkubwa zaidi ni wa mwaka 1977. Kikundi hicho kilitaka kutumia picha ya jitu la chuma lililomshika mtu aliyekufa kiganjani, picha iliyotolewa juu ya jarida moja la hadithi za Kimarekani mwezi wa Oktoba 1953. Ingekuwa rahisi kuikata kwa mkasi na kuinakili, kwani ilikuwa imekwisha timiza miaka 24. Hawakufanya hivyo. Walimtafuta mchoraji mwenyewe, Frank Kelly Freas, wakamwomba aichore upya, na mahali pa yule mtu mmoja awaweke wao wanne. Mwenye kazi akapata kazi, na wenye nyimbo wakapata jalada ambalo hata leo halijasahauliwa.

Hatusemi kwamba majalada yote ya kikundi hicho yalikuwa mazuri. Lile la mwaka 1982, lililogawanywa vipande vinne vya rangi pamoja na sura nne za mistari myepesi, kwa maoni yetu ni kanga yenye rangi nyingi isiyokuwa na mji. Na santuri ya mwaka 1978 ilitoka na bango lenye picha ya wanawake wengi walio uchi juu ya baiskeli. Huko Marekani santuri hiyo ilitolewa bila ya bango hilo, kwa hiyo wasidhani watu kwamba ni sisi wa visiwani tu tunaoona haya. Mwili wa mwanamke haukuumbwa kuwa chambo cha kuuzia santuri, na katika jambo hili sisi tunasema waziwazi kuwa walikosea. Lakini mwenye kuhukumu kwa haki hutaja jema na baya, kila moja kwa wakati wake.

Na jema lililo kubwa ni nembo. Juu ya jalada la mwaka 1975, lenye ardhi nyeupe isiyo na doa, imechorwa nembo ya kikundi: simba wawili, kaa, na mabinti wawili wenye mbawa, wote wakiizunguka herufi ya kwanza ya jina la kikundi pamoja na taji, na juu yao ametanda yule ndege wa hadithi anayesemekana kuteketea kwa moto na kufufuka kutoka katika majivu yake. Simba, kaa na mabinti ni alama za nyota za wanamuziki wanne. Nembo hiyo ilichorwa kwa mkono wa Freddie Mercury mwenyewe.

Hapa ndipo tunapotaka viongozi wetu wasimame kidogo. Mtu huyu hakuamka asubuhi moja akajua kuchora nembo. Baba yake alikuwa karani wa fedha wa Mahakama hapa Unguja. Mtoto alipelekwa shuleni India, akarejea mwaka 1963, na mwaka 1964 akahamia Uingereza pamoja na wazee wake. Huko alisoma uchoraji wa matangazo na vitabu katika chuo cha sanaa cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Kabla ya kupata jina aliweka kibanda katika soko la Kensington pamoja na mwenziwe Roger Taylor, wakiuza nguo na picha. Sauti alipewa na Mungu. Mkono wake ulifundishwa chuoni. Kipaji kilizaliwa hapa, lakini chuo kilichokinoa kilikuwa kwingine.

Wala tusijidanganye. Katika majalada hayo yote hamna jahazi, hamna mnazi, wala hamna mlango wa nakshi. Mtu akiyatazama toka mwanzo hadi mwisho hataiona Zanzibar. Hata jalada la mwaka 1995, lililotolewa baada ya kifo chake, linaonyesha sanamu yake ukingoni mwa ziwa la Geneva huko Uswisi, kazi ya mchongaji Irena Sedlecka. Sisi tumefungua makumbusho yake Shangani mwaka 2019, na wageni wanaingia. Ni jambo jema. Lakini mji unaotegemea sifa za mtoto aliyeondoka, bila ya kuwashughulikia waliobaki, unafanya kosa. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Je, waliobaki tumewafanyia nini? Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928, na sauti yake ikarudi ndani ya santuri zilizoenea pwani yote ya Afrika Mashariki. Bahasha za santuri za siku zile zilikuwa za karatasi, zimetobolewa tundu katikati, na alama iliyoonekana ilikuwa mbwa wa kampuni anayesikiliza gramafoni. Mwimbaji alisikika lakini hakuonekana. Alipata sura pale Shaaban Robert alipoandika wasifu wake, akamchora kwa maneno. Tunaweza kusema kwamba kitabu kile ndicho jalada la kwanza la Siti, nalo lilichelewa, kwani Bibi alifariki mwaka 1950.

Zikaja kanda. Kila mtu mwenye umri wa makamo anazikumbuka: karatasi iliyonakiliwa kwa mashine mara nyingi hata uso wa mwimbaji umekuwa doa jeusi, majina ya nyimbo yamekosewa, na jina la mpiga picha halimo. Siku hizi nyimbo ziko katika simu, na jalada limekuwa kipicha kisichozidi ukucha wa dole gumba. Hata hivyo kipicha hicho ndicho kinachotangulia kuonekana Muscat, London na Toronto kabla ya wimbo kusikika. Nacho mara nyingi kimeokotwa tu: machweo ya jua aliyoyapiga mtu asiyejulikana, au kazi ya kijana wa mtaani aliyelipwa kwa ahadi. Sura ya marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwezi wa Aprili 2013, inauzwa juu ya fulana na mbao za rangi. Ni wangapi wanaouza wanaojua nani aliipiga picha hiyo, na ni wangapi waliouliza?

Wapo watakaosema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo wimbo mzuri hauhitaji jalada. Hatukubaliani nao. Jalada si dalali wa wimbo. Ni kama mlango wa nyumba ya Mji Mkongwe: mlango haukumfanya mwenye nyumba kuwa mtu wa heshima, lakini umemwambia mpita njia kwamba humu ndani anakaa mtu anayejiheshimu. Kweli uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, na jalada zuri haliwezi kuuokoa wimbo mbovu. Lakini taarabu zetu si vipande vya mti. Ni johari, na johari haifungwi kwa gazeti la jana.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo machache, na tunawaomba wahusika wasiyapuuze.

Kwanza, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003 ipo. Haimlindi mwimbaji na mtunzi peke yao. Mchoraji na mpiga picha nao ni wenye kazi. Walio na dhamana ya sheria hiyo wawafikie mafundi hawa mitaani, Unguja na Pemba, wawaeleze haki zao kwa Kiswahili chepesi na wawaandikishe.

Pili, Serikali yenyewe iwe mfano. Ofisi zetu huchapisha mabango, kalenda na vitabu kila mwaka. Kila kimoja kiandikwe jina la aliyekichora na la aliyepiga picha, naye alipwe kwa mapatano yaliyoandikwa. Mstari mmoja wa wino hauongezi gharama ya kupiga chapa. Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, ambalo hutazama kama kazi ina aibu ndani yake, litazame pia kama kazi ina mwenyewe.

Tatu, majalada ya zamani yakusanywe. Yamo makabatini mwa wazee wetu, yanaliwa na mchwa na chumvi ya bahari. Idara ya Nyaraka inahifadhi barua za makonsuli na masultani. Haitakuwa kinyume cha heshima yake kuhifadhi na karatasi za kanda za vilabu vyetu vya taarabu, maana hizo nazo ni historia ya nchi.

Nne, somo la kuchora lisifanywe la kupitishia wakati maskulini. Mtoto anayechora pembezoni mwa daftari lake leo huenda akawa mchora nembo kesho. Ikiwa atapata mwalimu na rangi, atachora hapa. Asipopata, ama atakwenda kuchora kwingine, ama ataacha kuchora, na katika hali zote mbili hasara ni yetu.

Na nyinyi waimbaji, nanyi hamkosi lawama. Mnapigania jina lenu liandikwe kwa herufi kubwa, na haki yenu mkiidai mnadai kwa sauti. Basi muandikeni na yule aliyekaa usiku kucha akikutengenezeeni sura ya kwenda nayo kwa watu. Asiyetaja jina la mwenziwe asishangae lake likifutwa.

Freddie Mercury alipotaka jalada alijua la kumwambia mpiga picha, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mchoraji. Hilo ndilo tunaloweza kurithi kwake sote, mpenzi wa nyimbo zake na asiyezipenda: kuijua kazi, kumjua mwenye kazi, na kumpa haki yake.