Matembezi ya Vuli: Tuyatazame Maji, Tusiyaingie

Ndugu wazazi, mvua za vuli zinaponyesha kati ya Oktoba na Desemba, vijito vya Unguja hujaa na mashamba hupendeza. Ndipo jumuiya zetu za Mji Mkongwe hupanga matembezi baada ya Misa ya Jumapili. Kisiwa chetu hakina maporomoko kama ya Materuni kule Kilimanjaro, lakini maji yanayotiririka chini ya mikarafuu yanatosha kumburudisha mkazi wa vichochoroni. Matembezi hayo ni mema. Tunaomba jambo moja: watoto wasioge humo.

Sababu ni kichocho. Ugawaji wa dawa umeupunguza sana ugonjwa huu Zanzibar, lakini haujaisha. Mgonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa na vijidudu huingia ndani ya konokono wadogo. Baada ya wiki kadhaa hutoka na kupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache, hata ngozi isiyo na jeraha. Maji kuwa maangavu si dalili ya usalama.

Mkojo wa damu huonekana baada ya miezi miwili au mitatu, safari ikiwa imekwisha sahauliwa. Wako wanaodhani ni dalili ya mvulana kubalehe; msichana naye hunyamaza kwa haya. Ugonjwa ukiachwa huharibu kibofu na figo, huweza kuleta saratani ya kibofu, na kwa wasichana hujeruhi via vya uzazi.

Wapo wanaotaka safari hizo zifutwe. Hatukubaliani nao. Konokono hao hawaishi katika maji ya chumvi, kwa hiyo wanaotaka kuogelea wapelekwe baharini. Kwenye kijito tubebe maji ya kunawa, na tuchague mahali penye choo. Hili la choo ni wajibu wa upendo: maji tunayoyatazama kwa saa mbili, kesho mama wa kijijini atafulia humo na wanawe watacheza humo. Tusiwaachie ugonjwa.

Mtoto aliyekwisha ingia majini asigombezwe. Apelekwe kituo cha afya kupimwa mkojo baada ya miezi miwili au mitatu, kwa kuwa dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, si michanga. Akiona damu kabla ya hapo, aende siku hiyo hiyo.