Mzee Aliyesahau Bado ni Yeye

Familia zinazomuuguza mzee mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi hufika mahali pa kusema, "Huyu si baba tuliyemjua." Ni kauli ya uchungu, na anayeitamka anastahili huruma. Lakini ikishachukuliwa kuwa ndiyo kweli, ina hatari. Mtu akihesabiwa kuwa hayupo tena, ni rahisi kuuza shamba lake bila kumwambia, kumfungia chumbani, au kumjadili mbele yake kana kwamba hasikii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na maradhi ya aina hii, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Swali la nini humfanya mtu awe yuleyule tangu utoto hadi uzee, basi, haliwahusu wanafalsafa peke yao.

Mwingereza John Locke, katika sura aliyoiongeza kwenye kitabu chake mwaka 1694, alifundisha kwamba mtu hubaki kuwa yeye kadiri fahamu yake inavyoweza kurudi nyuma na kuyatambua matendo ya zamani kuwa yake. Mwaka 1785 Mskoti Thomas Reid alionyesha kasoro ya fundisho hilo. Tuseme ofisa wa jeshi anakumbuka alivyochapwa shuleni. Baadaye, akiwa jenerali mzee, anaukumbuka ushujaa wake wa siku za uofisa, ila fimbo za shuleni amezisahau. Kwa kanuni ya Locke jenerali ni yule ofisa, na ofisa ni yule mtoto, lakini jenerali si yule mtoto. Kanuni inayojipinga hivyo haiwezi kuamua nani yupo na nani ametoweka.

Ushahidi wa tiba unaelekea hukohuko. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili kutuliza kifafa, na hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu za mambo mapya yaliyompata. Hata hivyo mtafiti Brenda Milner alipompa kazi ya kuchora nyota akiutazama mkono wake kwenye kioo, alizidi kuimudu siku hadi siku, ingawa hakukumbuka kuwahi kuifanya. Ustadi ule ulikuwa wa nani kama si wake? Kumbukumbu ni sehemu moja tu ya mtu. Mwili, mazoea, mapenzi yake na nafasi yake katika ukoo navyo humshikilia. Kamba ya usumba hufunga jahazi ingawa hakuna unyuzi hata mmoja uliotoka ncha hadi ncha.

Wapo watakaouliza: vipi kuhusu mzee ambaye hata tabia imegeuka, aliyekuwa mpole na sasa anawatukana wanawe? Huzuni ya wanawe ndiyo jibu. Hakuna anayelia kwa sababu mgeni ana hasira. Wanalia kwa kuwa yaliyotokea yamempata baba yao. Wengine watasema kuwa mtu asiyeweza kuwajibika kwa aliyoyatenda hawezi kuwa yuleyule aliyeyatenda. Hapo yanachanganywa mambo mawili. Kupungukiwa na uwezo wa kujibu ni sababu ya kumpunguzia mtu lawama, si sababu ya kumnyang'anya haki. Deni alilokuwa akiwadai wenziwe bado ni haki yake, na shamba alilolinunua bado ni lake.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia na Serikali, na hakikuweka sharti kwamba wawe na kumbukumbu timamu. Nasi tusiliweke majumbani. Mzee aamkiwe shikamoo hata asipoitikia, aelezwe kinachofanywa juu ya mwili na mali yake, na wanaoijua historia yake waitunze kwa niaba yake.