Leon Lederman: Mshindi wa Nobel aliyepigania sayansi ya darasani

Leon Lederman, mwanafizikia wa Marekani aliyefariki dunia Oktoba 3, 2018 akiwa na umri wa miaka 96, hukumbukwa zaidi kwa Tuzo ya Nobel aliyoipata mwaka 1988. Hata hivyo, suala lililomshughulisha kwa miongo ya mwisho ya maisha yake, yaani namna vijana wanavyofundishwa sayansi, bado halijapatiwa ufumbuzi nchini mwake.

Lederman alizaliwa New York mwaka 1922, mtoto wa wahamiaji kutoka Ukraine. Baba yake aliendesha duka la udobi. Alisoma City College, chuo cha umma ambacho wakati ule hakikutoza ada, kisha akapata shahada ya udaktari Columbia mwaka 1951.

Mwaka 1962, yeye pamoja na Melvin Schwartz na Jack Steinberger walithibitisha katika maabara ya Brookhaven kwamba nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, ni za aina zaidi ya moja. Kazi hiyo ndiyo iliyowapatia Nobel. Mwaka 1977, kundi aliloliongoza katika maabara ya Fermilab, karibu na Chicago, liligundua chembe iliyodhihirisha kuwapo kwa kwaki ya aina ya tano.

Akiwa mkurugenzi wa Fermilab, mwaka 1980 alianzisha masomo ya fizikia ya Jumamosi asubuhi kwa wanafunzi wa sekondari. Aidha, alikuwa miongoni mwa walioishawishi serikali ya jimbo la Illinois kufungua shule ya bweni ya hisabati na sayansi mjini Aurora mwaka 1986. Mwaka 1990 alisaidia kuanzisha chuo cha kuwanoa walimu wa shule za msingi za umma mjini Chicago.

Hoja yake kuu ilihusu mpangilio wa masomo. Katika shule nyingi za sekondari za Marekani, mwanafunzi huanza na baiolojia, mwaka unaofuata kemia, na fizikia huja mwishoni, ambapo wengi huwa wamekwisha kuikwepa. Lederman alitaka mpangilio huo ugeuzwe: baiolojia ya kisasa hutegemea kemia, na kemia haieleweki bila kuijua atomi.

Baadhi ya shule ziliufuata ushauri huo, lakini nyingi hazikuufuata. Kikwazo si ubishi tu. Kuifundisha fizikia kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kunahitaji walimu wengi waliosomea somo hilo, na walimu hao ni adimu.

Gharama ya pengo kati ya wanasayansi na umma aliishuhudia mwenyewe. Mwaka 1993, Bunge la Marekani lilifuta mradi wa mtambo mkubwa wa kugonganisha chembe huko Texas, aliokuwa ameupigia debe, ilhali takriban dola bilioni 2 zilikwisha kutumika. Chembe ya Higgs ikaja kugunduliwa Ulaya mwaka 2012.

Mwaka 2015, Lederman akiwa anaugua maradhi ya kupoteza kumbukumbu, medali yake ya Nobel iliuzwa mnadani kwa dola 765,000, huku familia ikikabiliwa na gharama za matibabu. Medali ilipata mnunuzi. Walimu wa fizikia aliowaombea shule za nchi yake wangali wachache.