Bangi ya Dawa na Jembe la Mkulima

Wako vijana wetu wa huku Bagamoyo wanaouliza: mbona nchi za jirani wanalima bangi ya dawa kwa ruhusa ya serikali, na sisi tunahangaika na nanasi la Kiwangwa ambalo msimu ukifika halina bei? Swali hilo si la kihuni, na tusiwafukuze nalo.

Ni kweli, wenzetu wapo. Lesotho ilitangulia katika Afrika kutoa leseni, mwaka 1917 ukiwa umepita karne nzima: ilikuwa 2017. Zimbabwe ikafuata 2018, Malawi ikatunga sheria yake 2020. Kwetu Tanzania sheria ya 2015 inakataza kilimo hicho, na kifungo chake ni kirefu.

Na dawa ipo. Katika mmea huo mna THC, ambayo hulevya, na kanabidioli, ambayo hailevyi. Dawa ya maji ya kanabidioli iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa watoto wenye aina mbili za kifafa kikali. Hiyo imepimwa, na daktari anajua ampe mtoto kiasi gani. Msokoto wa kijiweni haukupimwa na mtu, na kijana anayeuvuta kila siku anajiongezea hatari ya kuugua akili. Mama mjamzito naye humdhuru mtoto aliye tumboni.

Lakini tuje kwenye mfuko. Bangi ya dawa hailimwi kama muhogo. Inataka uzio, walinzi, maabara ya kupima kila mavuno, na hati za ubora anazodai mnunuzi wa Ulaya. Kule Lesotho wanavijiji wa milimani waliolima bangi kwa siri miaka mingi hawakuweza kulipa ada ya leseni. Makampuni yaliweza. Mwanakijiji akipata kitu, ni kibarua katika shamba la mwenzake.

Kina mama wa Mlingotini wanaolima mwani wanaelewa habari hii kuliko wataalamu wengi: unalima kitu usichokila, na bei anaipanga mtu wa mbali usiyemjua. Tena mwani unataka kamba, vigingi na bahari tu! Na wazee wanakumbuka shamba la Razaba, lilivyosubiriwa kuwa la miwa ya mwekezaji kutoka Sweden. Ahadi zilikuwa nyingi, hata za wakulima wadogo kuuza miwa yao kiwandani. Mwaka 2016 serikali iliusimamisha mradi ule. Aliyesubiri ajira alikuwa amesubiri miaka.

Kwa hiyo mimi sioni kwamba bangi itamkomboa mkulima wetu mdogo, hata sheria ikibadilishwa kesho. Soko la nanasi na korosho lingemfaa mapema zaidi.

Wengine husema tuwaonee huruma wagonjwa. Vema. Wagonjwa wengi wa kifafa vijijini wangetulia kwa fenobabitoni, kidonge cha bei ndogo, lakini bado wanafichwa ndani au kupelekwa kwa mganga. Mofini ya kunywa, inayotuliza maumivu makali ya saratani, ipo nchini, na Taasisi ya Saratani Ocean Road huitumia. Mwenye mgonjwa anayelia usiku kwa maumivu amwulize daktari habari zake, wala asione haya kuuliza mara ya pili.