Farasi kutembea majini: Miguu inapona kweli au inaharakishwa?

Farasi wa mbio ana uzito wa takriban kilo 500 na anakimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Mzigo wote huo uko kwenye miguu myembamba. Ikivunjika, mara nyingi huwa ndiyo mwisho wake.

Mwaka 2023, farasi 12 walikufa ndani ya takriban mwezi mmoja katika uwanja wa Churchill Downs, Kentucky, Marekani, wengi wakiwa wameumia miguu. Mbio zikahamishiwa Ellis Park.

Ndiyo maana tredmili ya majini inapendwa. Farasi anaingia kwenye chumba chembamba, maji yanajazwa, mkanda wa chini unaanza kuzunguka naye anatembea. Maji yakifika usawa wa nyonga, uzito unaobebwa na miguu hupungua kwa takriban asilimia 75. Hapohapo maji yanamkinza, misuli inapiga kazi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado State waliona farasi wenye maumivu ya viungo wakipata nafuu: viungo vilikunjika vizuri zaidi na walisimama imara.

Ila kuna mtego. Mfupa huimarika kwa kubeba mzigo, na majini mzigo ni mdogo. Farasi anaweza kutoka na pumzi na misuli tayari, kumbe mifupa bado.

Kwa mmiliki anayewinda zawadi ya mbio, hapo kishawishi ni kikubwa. Neno la mwisho linapaswa kubaki kwa daktari wa mifugo, siyo kalenda ya mashindano.